Kompresa ya Analogi au ya Dijitali kwa Studio ya Nyumbani?

Watazamaji wapenzi, karibuni. Leo ninajibu swali ambalo wengi wanaorekodi nyumbani wamekuwa wakiniuliza: je, akiba iliyopo itumike kununua kompresa ya analogi, yaani lile boksi lenye vitufe vya kuzungusha na mshale unaocheza, au plagini, yaani programu ndogo ya kompyuta inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia, inatosha? Tuelewane mapema kwamba ninazungumzia kompresa ya sauti, maana ukiingia dukani ukaitaja kompresa peke yake, utaonyeshwa mashine ya kujazia upepo au ya friji.

Kazi ya vyombo hivi viwili ni moja. Sauti inapovuka kizingiti ulichokiweka, hubanwa kwa uwiano uliouchagua. Kwa uwiano wa 4 kwa 1, sauti iliyozidi kizingiti kwa desibeli 8 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) hutoka ikiwa imezidi kwa desibeli 2 tu. Baada ya hapo unaipandisha yote, na maneno ambayo mwimbaji aliyanong'ona yanasikika sambamba na yale aliyoyapaza.

Plagini nyingi zinaiga vifaa viwili vya zamani vya Marekani. 1176 ya fundi wa sauti Bill Putnam, iliyotoka mwaka 1967, hutumia transista na huweza kuanza kubana ndani ya mikrosekunde 20, ndiyo maana inapendwa kwenye ngoma na kwenye sauti za kurap. LA-2A hutumia taa inayoimulika rezista inayohisi mwanga, na huachia, yaani huacha kubana sauti ikishashuka, kwa hatua mbili: nusu ya kwanza kwa takriban milisekunde 60, na iliyobaki polepole, kuanzia sekunde 1 hadi 15. Uachiaji huo wa taratibu ndio unaofanya uimbaji wa kubembeleza usisikike kana kwamba umekabwa koo. Plagini nzuri za leo zimezifuata tabia hizo kwa karibu mno, na mimi binafsi, wimbo ukishakamilika na vyombo vyote vikiwemo, siwezi kuapa kama iliyotumika ni plagini au boksi.

Kwa hiyo ninachowaomba mkipime ni mahali kompresa inapokaa. Ya analogi hukaa kati ya maiki na kadi ya sauti, yaani kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, hivyo hubana kabla sauti haijageuzwa kuwa dijitali, na ilichokibana hakirudi. Niliwahi kumrekodi mwimbaji mmoja nikiwa nimeikaza kupita kiasi. Mwisho wa kila mstari pumzi zake zilipanda kama za mtu aliyekimbizwa, na ikabidi arudi kuimba upya. Kwa plagini ningezungusha kitufe kimoja tu.

Wapo wanaosema kwamba ya analogi inazuia sauti kupasuka wakati wa kurekodi. Ni kweli, kwani plagini huja baada ya madhara kutokea. Lakini kurekodi kwa biti 24, kiwango cha kawaida cha kadi za leo, kuna nafasi ya kinadharia ya desibeli zipatazo 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ukipunguza maiki ili vilele vifike karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, hutapasua na hutapoteza chochote cha maana.

Faida ninayoikubali bila ubishi ni ya ucheleweshaji. Mwimbaji akijisikia kwenye hedifoni kupitia plagini wakati wa kurekodi, bafa (vipande vya sauti ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvishughulikia) ya sampuli 256 kwa kasi ya kilohezi 48 huchelewesha zaidi ya milisekunde 5 kwa kuingia tu, bado kutoka. Analogi haina kusubiri huko. Anayelitaka hilo bila gharama ya boksi zima aiangalie Volt 276 ya Universal Audio, kadi ya sauti ambayo ndani yake kuna kompresa ya analogi ya mtindo wa 1176. Ina mipangilio mitatu tu, na kwa anayeanza ninaona uchache huo ni nafuu.

Kama unataka boksi la kutumia pia wakati wa kuchanganya sauti zilizokwisha kurekodiwa, hesabu matundu kwanza, maana sauti lazima itoke kwenye kadi iende kwenye boksi kisha irudi. Kadi kama Scarlett 2i2 ina matokeo mawili ya laini, na yote yamekwishachukuliwa na spika zako. Ukiliagiza kutoka Marekani, hakikisha linakubali volti 230 au 240, kwa sababu kule umeme ni wa volti 120.

Mimi ningeanza na ReaComp, plagini ya kompresa inayokuja na programu ya kurekodia ya REAPER na hupatikana bure pia kama plagini ya pekee. Wekeni uwiano wa 3 kwa 1, mshushe kizingiti hadi kipimo kionyeshe upungufu wa desibeli 4 hivi kwenye maneno makali, kisha msikilize kwa hedifoni zile sehemu mwimbaji aliponyamaza. Feni, jogoo wa jirani na mwangwi wa kuta vitakuwa vimepanda pamoja na sauti, na hivyo vitapanda vilevile hata kwenye boksi la bei kali. Mkivisikia, fedha ya boksi inunue kwanza magodoro na mapazia mazito ya chumba hicho.