Glavu za kuzuia kukatwa: nilizipima kwa muhogo na sukari

Natengeneza madirisha ya aluminiamu hapa Dar es Salaam, na chini ya kidole gumba cha kushoto nina kovu la nyuzi nne. Siku hiyo nilikuwa nimevaa glavu, zile za pamba zenye vidoti vya plastiki. Kioo cha milimita 5 kilipita kama hakijakuta kitu.

Mwezi uliopita nikaenda eneo la Gerezani, nikanunua jozi mbili zinazouzwa kama za kuzuia kukatwa: moja shilingi 9,000, nyingine 24,000. Zote za kijivu, zote zimepakwa mpira mweusi wa nitraili kiganjani. Kwa macho ni mapacha.

Tofauti imeandikwa mgongoni, kwenye ile ngao yenye nyundo na maandishi EN 388, kiwango cha Ulaya cha glavu za kinga. Chini yake tarakimu zinafuatana: kusuguliwa, kukatwa, kuchanika, kutobolewa. Ya bei nafuu ilisema 4343X, ya ghali 4X43D. Zamani nilikuwa naangalia tarakimu ya pili tu. Kumbe hiyo hupimwa kwa wembe wa duara unaokwenda na kurudi, na kitambaa chenye nyuzi za kioo au chuma huufanya wembe uwe butu, alama ikapanda kwa ujanja huo. Ndiyo maana mwaka 2016 kiwango kiliongezewa herufi ya mwisho, A hadi F. Hapo wembe ni mnyoofu, mpya kwa kila mkato, unapita mara moja tu, na kinachotafutwa ni nguvu ya kukata kitambaa ndani ya milimita 20. D huanzia nyutoni 15, yaani karibu kilo moja na nusu ya sukari imeukalia wembe. X, popote ilipokaa, ni kwamba kipimo cha nafasi hiyo hakikufanyika.

Basi nikachukua sukari kweli. Nikachomeka kipande cha muhogo ndani ya kidole cha glavu, nikafunga wembe mpya kwenye kibao, sukari juu, nikavuta mara moja. Maabara si hiyo, sukari yenyewe ilikuwa inayumba. Kwa nusu kilo, ya bei nafuu ilistahimili. Kwa kilo moja muhogo ukapata mchirizi mrefu. Ya ghali kwa kilo moja ilitoa manyoya tu. Kilo mbili zikaipasua.

Ya 24,000 ndiyo nafanyia kazi sasa. Kingo za kioo kibichi na aluminiamu iliyotoka kukatwa hazijanigusa. Lakini jasho! Kufika saa sita vidole vimeloa kama vya muosha vyombo, na skrubu ndogo siisikii kabisa, lazima nivue. Mgongoni hakuna nitraili, kwa hiyo mafuta yanapenya. Kijana wangu aliuliza kama anaweza kushikia grainda nazo, nikamkatalia: uzi ukidakwa na diski, unavuta na mkono. Wembe unaopita na diski inayozunguka ni mambo mawili tofauti.

Kero yangu nyingine ni kwamba ya kushoto, inayoshika kioo, imeshachakaa ncha za vidole, ya kulia bado mpya. Nilirudi dukani nikaomba niuziwe mbili za kushoto. Muuzaji alicheka mpaka akakaa.