Betri ya sola ya nyumbani: ipi uanze nayo, ipi uiache

Watu wengi wakifunga sola nyumbani huchagua paneli kwa makini, kisha suala la betri wanamwachia fundi. Ingefaa iwe kinyume chake. Paneli nzuri hudumu miaka 25 na zaidi. Betri ndiyo hufa mapema, na ndiyo inayoamua kama taa zitawaka hadi alfajiri.

Namba moja naiweka lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4. Bei yake inashtua, lakini piga hesabu kwanza. Betri ya jeli (ya risasi, iliyofungwa, asidi yake ikiwa nzito kama uji) ya volti 12, Ah 200 (Ah ni kipimo cha chaji inayobeba), ina Wh 2,400 kwenye lebo, yaani volti mara Ah, ambacho ndicho kiasi cha umeme ilichohifadhi, ila ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani Wh 1,200. Lithiamu ya volti 12.8, Ah 100, ina Wh 1,280, na asilimia 80 hadi 90 ya umeme huo unautumia kila usiku bila wasiwasi. Kumbe ile ndogo inakaribia kulingana na ile kubwa! Tena huchajiwa na kutumika mara 3,000 au zaidi, wakati jeli nyingi huchoka kabla ya mara 1,000. Hakikisha tu chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) ina mpangilio wa lithiamu, na umwone fundi akiuweka mbele yako.

Ya pili ni betri ya maji ya aina ya tubula, yaani ya risasi yenye sahani chanya zilizo ndani ya mirija. Ni imara na bei yake ni nafuu, ila inataka mtu wa kuikagua na kuiongezea maji safi ya betri, si ya bomba. Ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo isikae chumba cha kulala.

Jeli naipa nafasi ya tatu. Haina usumbufu, lakini joto huimaliza haraka, na za bandia ni nyingi. Ibebe: Ah 200 halisi huwa na takriban kilo 60. Ukiinyanyua kirahisi peke yako, iache dukani.

Betri ya gari usinunue kabisa kwa kazi hii. Imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kuendesha televisheni usiku kucha.

Yoyote utakayochukua, kataa kuchanganyiwa mpya na kuukuu, na mwambie fundi aweke fyuzi karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, kabla hajaunganisha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe vifaa vya nyumbani).