Gari la spoti la siti mbili kwa bei ya wastani: Roadster kwanza, mengine yafuate

Wengi wanaotafuta gari la spoti huuliza kwanza lina nguvu za farasi ngapi. Bora wangeuliza uzito wake. Mazda Roadster ND (yaani ya kizazi cha nne), inayouzwa nje ya Japani kama MX-5, ikiwa na injini ya 1.5 ina farasi 131 tu, lakini toleo lake jepesi kabisa lina kilo 990. Panda nayo kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa mwendo wa kisheria na utaufurahia kila mzunguko wa usukani. Gari zito lenye farasi 300 litakudai mwendo wa hatari kabla hujasikia raha hiyo.

1. Mazda Roadster ND 1.5, gia za mkono

Hii ndiyo ningemshauri ndugu yangu anunue. Imetoka mwaka 2015, injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na gia inaingia kwa mkono mfupi, mwepesi. Injini yake ni ya ukoo mmoja na ile ya Axela 1.5, kwa hiyo fundi aliyezoea Mazda haitamtisha. Cc zake 1496 zina faida pia: Kenya hutoza ushuru wa bidhaa asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, na 25 au zaidi kwa inayozidi. RF, ile yenye paa gumu linalojikunja, huja kutoka Japani na injini ya 2.0, ni nzito zaidi na bei yake iko juu. Sioni sababu ya kuilipia.

Ubaya wake? Buti ni lita 130 hivi, haina tairi ya akiba, na matuta yetu lazima uyapande taratibu. Ukiishi ndani kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, subiri kwanza.

2. Daihatsu Copen

Cc 660, turbo, farasi 64. Inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo kwenye kona haikupi kile inachokupa Roadster, ila kwa mizunguko ya mjini ni tamu na mafuta inanusa tu. Tanzania, injini isiyozidi cc 1000 haitozwi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini. Yenye paa la umeme, lifungue na kulifunga mara mbili mbele ya muuzaji. Likishuka, buti karibu lote limekwisha.

3. Toyota MR-S

Injini iko katikati, nyuma ya siti, na ni aina ya 1ZZ, ileile iliyomo kwenye Toyota Allion na Wish za 1.8 za zamani, kwa hiyo spea za injini zimejaa Kariakoo. Tatizo ni umri: zilitengenezwa 1999 hadi 2007. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo utatafuta iliyokwisha kuingia nchini. Tanzania utalipa ushuru wa uchakavu. Za mwanzo zina sifa ya kula oili. Ya gia za SMT, zile za mkono zisizo na klachi ya mguu, iache.

4. Honda S660

Kuendesha, tamu mno. Lakini hata begi la safari halina pa kukaa, maana paa lenyewe unalikunja kwa mkono na kulihifadhi mbele, chini ya boneti. Kama gari la pili nyumbani, sawa.

Honda S2000 nimeiacha nje kwa sababu bei yake siku hizi si ya wastani tena.

Kabla hujalipa

Unaagiza Japani? Soma karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi inayoandikwa gari linapouzwa mnadani huko. Alama ya R maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Omba picha za chini, hasa kama limetoka Hokkaido, ambako chumvi ya barabarani wakati wa theluji hula vyuma.

Kama Roadster iko mbele yako, mimina maji polepole pale paa la turubai linapokutana na bodi, nyuma ya mlango. Yanatakiwa yatokee chini, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Yasipotokea, mfereji wa kutoa maji ya paa umeziba na maji yamekuwa yakibaki ndani ya bodi. Hapo inua kapeti nyuma ya siti, lishike kwa mkono uone kama limelowa, kisha mulika tochi kwenye kizingiti cha chini ya mlango karibu na gurudumu hilo. Rangi ikiwa imevimba, kutu imeanzia ndani, na kupiga rangi juu hakutaizuia. Mfereji ulioziba bila kutu ni kazi ndogo ya fundi, punguziwa bei ununue. Penye kutu, mrudishie muuzaji funguo.