Google Shopping kwa duka la mtandaoni: mnada mzuri, msimamizi bubu

Mtu akitafuta "viatu vya kukimbia vyeusi" kwenye Google, mara nyingi kinachomlaki kwanza ni safu ya picha, kila moja na bei yake na jina la duka. Hayo ndiyo matangazo ya bidhaa ya Google Shopping. Mwenye duka analipa anapobofywa, na mnunuzi anaiona bei kabla hajabofya. Kwa hiyo wageni wanaokuja wameshajichuja wenyewe: aliyeona bei ni kubwa kwake amepita, na hakukugharimu kitu. Kwa duka linalouza vitu ambavyo watu wanavijua na kuvitafuta kwa majina, ni vigumu kupata tangazo linalolipa kuliko hili.

Wengi wanaoilalamikia huduma hii, hata hivyo, wanakarabati pasipobomoka. Wanashinda kwenye paneli ya matangazo wakipandisha na kushusha dau, yaani kiasi wanachokubali kulipa kwa mbofyo katika mnada wa nafasi za matangazo, ilhali tangazo lenyewe liko kwenye faili la bidhaa. Hapa hakuna maneno unayochagua kama kwenye matangazo ya maandishi. Google inasoma faili ulilopakia Merchant Center, akaunti yake ya wenye maduka (kichwa, maelezo, bei, picha, msimbopau, aina) kisha inaamua yenyewe bidhaa ipi ionekane kwa utafutaji upi. Faili likiwa bovu, dau kubwa linakununulia wageni wasio wako.

Historia yake fupi ina faida kwa mwenye bajeti finyu. Ilianza 2002 kwa jina la Froogle, bure. Mwaka 2012 ikageuzwa ya kulipia yote, na Aprili 2020 nafasi za bure zikarudishwa. Faili lilelile la bidhaa linalisha pande zote mbili, kwa hiyo unaweza kulinyoosha upande wa bure kwanza, ukaona zipi zinakubaliwa na zipi zinabofywa, ndipo utie pesa.

Kichwa cha bidhaa ndicho tangazo

Nafasi ni herufi 150, lakini kwenye simu kichwa kinakatwa mapema sana. Weka yote ya maana ndani ya herufi 70 za mwanzo. Chukua kichwa kama "Pampu Bora Kabisa, Ofa Kali!!!". Hakuna anayetafuta "bora kabisa", na maneno ya ofa ndani ya kichwa hayaruhusiwi. Kiandike hivi: "Pampu ya maji ya kuzamisha kisimani, wati 750, inchi 1, kimo cha mita 30". Sasa mwenye kisima anajiona humo, na mwenye kutafuta pampu ya baiskeli hakubofyi kwa bahati mbaya.

Mpangilio wa maneno unafuata namna watu wanavyotafuta. Vifaa vya umeme hutafutwa kwa chapa na namba ya modeli, basi hivyo vitangulie. Nguo zinataka chapa, jinsia, aina, rangi, saizi. Vitu vya kuisha kama wino na sabuni vinataka kipimo: lita ngapi, pakiti ya ngapi. Chapa isipojulikana na mtu, usiipe nafasi ya mbele. Anza na jina la kitu chenyewe.

Usibadilishe vichwa vyote siku moja. Chagua bidhaa 20 zinazoonekana sana lakini hazibofywi, zibadilishe, nyingine kama hizo 20 ziache zilivyo, kisha subiri wiki tatu hivi ndipo ulinganishe makundi mawili. Bila kundi la kulinganisha utaisifu kazi yako kwa mauzo yaliyoletwa na mwisho wa mwezi. Na katika kuhariri, usiguse namba ya utambulisho ya bidhaa. Kumbukumbu zote za bidhaa zimefungwa kwenye namba hiyo. Ukihamia mfumo mwingine wa duka na namba zikabadilika, kila kitu kinahesabiwa kipya, kinapitiwa upya, na yale mashine iliyojifunza yanapotea. Hili limeangusha mauzo ya maduka mengi wiki ileile waliyozindua tovuti mpya, huku wenyewe wakilaumu rangi za tovuti.

Msimbopau, mahali faili linapofia

Namba ya kimataifa ya bidhaa, ile iliyo chini ya mistari ya msimbopau, ndiyo inayoiwezesha Google kujua kwamba kitu chako ni kilekile kinachouzwa na wengine. Ikikosekana au ikikosewa, bidhaa inaonekana kidogo au inakataliwa. Kosa kubwa hutokea kwenye programu ya majedwali. Unafungua faili, namba ya tarakimu 13 inageuka kuwa kitu kama 4.00638E+12, unahifadhi kwa CSV, na tarakimu za mwisho zimekwenda moja kwa moja. Namba za tarakimu 12 zinazoanza na sifuri nazo hubaki 11. Dawa: usilifungue faili kwa kubofya mara mbili. Liingize kupitia menyu ya kuleta data, na ile safu ya msimbopau uipange kuwa maandishi kabla ya kuthibitisha.

Namba unaweza kuikagua mwenyewe. Chukua 4006381333931. Acha tarakimu ya mwisho. Zilizobaki 12, kuanzia kushoto, zizidishe kwa 1, 3, 1, 3 hadi mwisho, kisha jumlisha: hapa unapata 89. Kinachohitajika kufika kumi inayofuata, yaani 90, ni 1, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Isipolingana, kuna iliyoandikwa vibaya. Fomula hii ukiiweka kwenye jedwali, inakagua bidhaa elfu kwa sekunde.

Kama kitu ni cha kutengeneza kwa mkono, au hakina msimbopau kabisa, kwenye uga wa identifier_exists andika no. Usibuni namba na usiazime ya bidhaa nyingine. Ukiazima, bei na picha yako zinaweza kuchanganywa na kitu usichokiuza.

Picha hazina mengi. Mandhari nyeupe au tulivu, kitu chenyewe kijaze fremu, pasiwe na nembo, bei wala maandishi juu yake. Picha ndogo hupita ukaguzi lakini huonekana chakavu kando ya jirani. Anzia pikseli 800 kwa 800, zaidi ni bora. Unaruhusiwa picha 10 za ziada, na kwa nguo ile ya mtu aliyeivaa inastahili kujaribiwa iwe ya kwanza.

Bei isiyolingana

Hii ndiyo sababu ya kukataliwa inayowatesa hata waangalifu. Google inalinganisha bei iliyo kwenye faili na ile iliyo kwenye ukurasa wa bidhaa, na inataka ibaki ileile hadi kwenye malipo. Kuna vyanzo vitatu vya kawaida. Cha kwanza ni muda: faili linachukuliwa saa sita usiku, bei zinabadilishwa asubuhi, na siku nzima unatangaza bei ya jana. Panga faili lichukuliwe mara tu baada ya kubadilisha bei, na washa masasisho ya moja kwa moja ndani ya Merchant Center.

Cha pili ni tovuti inayobadilisha sarafu kulingana na nchi ya mgeni. Roboti ya Google mara nyingi huja kwa anwani za Marekani, basi inaonyeshwa dola wakati faili lako linasema sarafu nyingine. Kiungo kilicho kwenye faili kibebe sarafu yake, asiulizwe mgeni ametoka wapi.

Cha tatu ni saizi na rangi. Faili linasema kopo la lita 5, kiungo kinafungua ukurasa uliochaguliwa lita 1, na bei ni tofauti. Kila saizi iwe na kiungo chake kinachofungua saizi hiyohiyo, na zote ziunganishwe kwa namba moja ya kundi. Data iliyopangwa ya schema.org, yaani alama zinazoiambia roboti ipi ni bei na lipi ni jina, nayo iwemo ndani ya HTML inayotoka kwenye seva. Ikiwekwa na skripti baada ya ukurasa kufunguka, bei inayobadilika haraka husomwa kwa kuchelewa.

Jingine dogo: bidhaa isiyosasishwa inamaliza muda wake baada ya siku 30. Ukiona zimeyeyuka zote kwa pamoja, kabla ya kukata rufaa angalia kama ratiba ya kuchukua faili bado inafanya kazi.

Dau, baada ya faili kunyooka

Hesabu kwanza. Kitu kinauzwa 100, na baada ya kukinunua, kukifungasha na kukisafirisha kinabakiza 25. Katika wageni 100, wawili wananunua. Faida ni 50, ukiigawa kwa wageni 100 unapata 0.5 kwa kila mbofyo, na hapo hujapata wala hujakosa. Kwa lugha ya Google, mapato kwa tumizi la tangazo ni asilimia 400, na hiyo ndiyo sakafu yako. Anayeweka lengo la asilimia 300 kwa faida hiyo anatumia 33 kupata 25, huku paneli ikimwonyesha mishale ya kijani.

Kwa kuwa faida hutofautiana, bidhaa zote kwenye kampeni moja yenye lengo moja ni uvivu unaogharimu. Faili lina lebo maalumu tano ambazo mnunuzi hazioni. Moja iseme kiwango cha faida, nyingine iseme kama mzigo unatoka au umedoda, nyingine kama bei yako iko chini au juu ya washindani. Kisha gawa kampeni kwa lebo hizo. Unapobadilisha lengo, sogeza kwa asilimia 10 hadi 20 na uache wiki mbili. Anayeligusa kila siku hairuhusu mashine ijifunze.

Maneno ya kuzuia ni kazi ya kila wiki kwenye kampeni za kawaida. Fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, panga kwa gharama, zuia yanayokula pesa bila kuuza: "bure", "mtumba", "jinsi ya kutengeneza", "vipuri" kama huuzi vipuri. Umoja na wingi viandike vyote viwili, kwa kuwa neno la kuzuia halijipanui lenyewe kama maneno ya kutangazia. Kampeni tatu zenye kipaumbele cha juu, kati na chini zinaweza kutenganisha wanaotafuta kijumla na wanaotaja modeli: ile ya juu iwe na dau dogo na izuie majina ya modeli, ili utafutaji huo uangukie ya chini yenye dau kubwa. Mtego uko kwenye bajeti. Ya juu ikiishiwa saa nne asubuhi, utafutaji wote wa kijumla unashuka kwenye dau kubwa.

Performance Max, aina ya kampeni inayojiendesha iliyochukua nafasi ya Smart Shopping mwaka 2022, inasambaza bidhaa zako kwenye Shopping, YouTube, Gmail na kwingineko kwa bajeti moja. Inauza, hasa kwa duka lenye mauzo ya kutosha kuifundisha. Lakini inapenda kujipa sifa kwa wateja waliokuwa wanakutafuta kwa jina la duka lako. Litoe jina hilo kwenye kampeni kwanza, ndipo usome matokeo. Kwa duka changa, kampeni ya kawaida ni bora, kwa kuwa inakuonyesha wazi zaidi maneno yaliyokula pesa yako.

Pale huduma inapokera

Mnada unafanya kazi yake vizuri. Msimamizi wake ndiye bubu. Akaunti inaweza kufungiwa kwa sababu ya "upotoshaji", neno moja linalobeba makosa mengi, bila kuambiwa ukurasa upi wala sentensi ipi. Kosa la haraka ni kubofya ombi la mapitio papo hapo. Ukikataliwa mara kadhaa unawekewa muda wa kusubiri. Kufungua akaunti mpya ni kubaya zaidi, maana nayo huunganishwa na ya kwanza na kufungiwa.

Kabla ya kuomba, pitia tovuti kama mgeni asiyekuamini. Jina la biashara liwe lilelile kwenye tovuti, kwenye Merchant Center na kwenye malipo. Kuwe na anwani na njia ya kuwasiliana inayojibu. Masharti ya kurudisha bidhaa yataje siku na nani analipia usafiri, na gharama za usafirishaji zilingane na zilizojazwa kwenye akaunti. Ondoa saa za kuhesabu ofa zinazoanza upya kila ukurasa unapofunguliwa, na maoni ya wateja yaliyonakiliwa kwingine. Jaza oda hadi hatua ya mwisho kwa simu, uone kama kuna gharama inayojitokeza ghafla.

Wapo ambao huduma hii haiwafai. Kitu kisicho na jina ambalo watu wanalitafuta, uvumbuzi mpya kwa mfano, hakipati utafutaji wa kukishika. Hicho kinataka kwanza tangazo la kukionyesha kwa asiyekijua. Na kitu cha bei ndogo kinachonunuliwa kimoja kimoja hakiwezi kubeba mbofyo. Kikiacha faida ya 2 na mnunuzi ni mmoja kwa 50, dau lako haliwezi kuzidi 0.04. Kiuze kwa pakiti ya kumi, na pakiti hiyo iwe na kichwa, picha na kiungo chake kwenye faili.