Nilibonyeza nyekundu mara mbili, gemu ikahesabu moja

Nyota moja kwa gemu hii ya duka la kanda za video. Na hiyo moja ni ya mlio wa deki, ile mashine ya kuchezea kanda, si ya kitu kingine.

Juzi juzi usiku nilifika hatua ya 22, ambayo sijawahi kuifikia. Mnaoicheza mnajua maana yake: mwenye duka anachomoa kanda za video rafuni moja baada ya nyingine, nyekundu, kijani, njano, bluu, kila rangi na mlio wake na deki yake, nawe unazitumbukiza kwa mpangilio uleule. Kila ukipatia, anaongeza moja. Nilikuwa nimezima taa, naunong'oneza mpangilio kama wimbo. Mwishoni zikaja nyekundu mbili mfululizo. Nikabonyeza nyekundu, nyekundu. Gemu ikahesabu moja! Mwenye duka akakunja uso, kioo kizima kikaandika FAINI, UMECHELEWESHA KANDA.

Sikuchelewesha chochote. Nimejaribu tena zaidi ya mara kumi na kasoro nimeiona kwa macho yangu. Ukibonyeza, kanda inazama taratibu kwenye mdomo wa deki, kile kifuniko kidogo kinajikunja kwa ndani, halafu kinarudi. Kabla hakijarudi, kitufe hakisikii kitu. Huku chini hugundui, kwa sababu mwendo ni wa pole. Ukipanda juu milio inaenda mbio, kifuniko kinabaki na uzito wake uleule, na rangi ikijirudia tu, umekwisha.

Nikawaandikia wahusika, nikaeleza hatua kwa hatua. Wakanijibu niongeze umakini, eti gemu hii inapima kumbukumbu. Mimi niongeze umakini! Mtu aliyeshika rangi 22 kichwani!

Gemu ya namna hii si ngeni. Simon ya kampuni ya Milton Bradley ilitoka mwaka 1978 na vitufe vinne tu. Waliyoibuni, Ralph Baer na Howard Morrison, walikuwa wameiona Touch Me, gemu ya namna hiyo ya kampuni ya Atari, wakalipenda wazo lakini milio yake ikawachukiza. Baer akachukua noti nne za tarumbeta ya kijeshi, zile ambazo ukizipanga vyovyote zinapatana. Huo ndio uhai wa mchezo wenyewe. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba mtu hushika vitu kama saba hivi kwa mara moja. Anayevuka hapo anabebwa na wimbo. Hawa wa kanda milio yao wameipatia kweli, tena vizuri mno, halafu kifuniko kinaukata wimbo katikati. Ndicho kinachoniuma.

Nikaifuta. Siku mbili baadaye nikairudisha, kwa sababu ya jambo moja. Ukishindwa, huwezi kuanza upya mpaka urudishe kanda nyuma. Unashikilia kitufe, inaanza kuvuma kwa chini, inapanda, inapanda, inakuwa kama filimbi, kisha tak! inasimama. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu. Kanda haikurudi dukani kabla sijairudisha mwanzo, na nilikuwa naweka kiganja juu ya deki nisikie inavyotetemeka na inavyopata joto. Aliyetengeneza mlio ule aliwahi kuweka kiganja chake pale, sina shaka. Hata lebo wameziandika kwa mkono, wino umefifia pembeni pale kidole gumba kinapokaa.

Basi, nyota tatu. Wakikirekebisha kifuniko natoa tano, na watu wote ninaowajua nitawaambia waipakue.

Nilikuwa nimeshaandika hayo, jana nikacheza tena. Hatua ya 19, bluu mbili. Safari hii nikasubiri kifuniko kirudi kabisa ndipo nibonyeze ya pili. Muda ukaisha. FAINI.

Nyota moja.