Amani, Muheza: ukienda kutafuta simba utarudi umenuna

Kiukweli msitu wa Amani kule Muheza, Tanga, unaonewa sana. Mtu akisikia hifadhi kichwani ashajaza simba na tembo, anapanda hadi juu, anatembezwa msituni nusu siku halafu anashuka analalamika eti hamna wanyama. Wanyama wapo jamani, ila ni wadogo, wamejificha, na kuna wengine huwapati kokote duniani zaidi ya hii milima ya Usambara na majirani zake. Mimi nimeenda na wenzangu, tumelala huko huko juu, na nasema ningerudi hata kesho.

Njia kwanza. Toka Muheza mjini ni kama kilomita 35, vumbi tupu, na ukishapita geti la Zigi ndo kona zinaanza, huku korongo huku mlima. Mvua ikinyesha gari ndogo usijaribu, na mvua ya kule haingoji masika, inashuka tu inapojisikia, angalau Januari na Februari kunakua na ahueni. Pale Zigi usipite mbio, ile nyumba ya ofisi ilikua ya stesheni masta enzi za Mjerumani, maana reli ilifika hadi hapo kusomba mbao. Malipo ni ya serikali kwa hiyo unapewa kontrol namba unalipa kwa simu, Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, beba kitambulisho usije ukaanza kubishana getini.

Sasa muongozaji. Chukueni wa pale pale kijijini, msijifanye wajuaji. Sisi tulipewa mzee mmoja mpole, haongei sana, anatembea taratibu mpaka nikaanza kuchoka na upole wake, mara akasimama akaniambia mwanangu angalia hapo. Naangalia, naona majani makavu. Akasogeza kidole karibu kabisa, jani moja likazungusha jicho! Kinyonga, jamani, kadogo hata kidole changu kimekazidi, kahawia, mkia mfupi, kamejikunja mpaka mistari ya mgongoni inafanana na mishipa ya jani. Peke yangu ningekakanyaga.

Usiku ndo utamu wenyewe na wengi wanaukosa kwa sababu wanageuza siku hiyo hiyo. Kinyonga akilala rangi inapauka, na analala nchani kabisa mwa vijiti, hivyo ukimulika tochi unamuona anang'aa mweupe gizani, ukishamjua mmoja unaanza kuwaona kila kichaka. Wale wenye pembe tatu puani pia wapo. Na kuna kachura fulani hakatagi mayai kwenye maji kama vyura wengine, kanazaa vichura vilivyokamilika kabisa, nilidhani mzee ananipiga kamba, nimekuja kusoma baadae nikakuta ni kweli.

Mchana utawasikia hondohondo kabla hujawaona, mabawa yao yanavuma kama basi bovu linalopanda mlima. Ndege mzuri huyo ila ana kesi ya kujibu, maana anakula matunda ya maesopsisi, mti uliotoka kanda ya ziwa ukaletwa huku kupandwa, halafu mbegu anaenda kuziangusha katikati ya msitu. Ndo maana unakuta sehemu zilizowahi kukatwa miti zimejaa hiyo maesopsisi tu na miti ya asili inahangaika kurudi. Mzee alituonyesha kwa macho mstari unaotenganisha misitu hiyo miwili, huku msitu mnene wa zamani, huku miti ya rika moja imesimama mistari. Hilo nimelipenda kuliko hata mbega, sikutegemea matembezi yangenifundisha hivyo.

Mbega nao tuliwaona, kwa sekunde chache. Kuna kundi lingine lilikuja na spika, mziki juu, kelele kibao, mbega hao wakaruka na sisi tukabaki tunaangalia matawi yanacheza. Jamani kama mnataka mziki si mbaki baa?

Kingine, ile vayoleti ya Usambara ambayo Wazungu wanaipanda kwenye vichungu madirishani, kwao ni hapa, Mjerumani mmoja Walter von Saint Paul-Illaire ndo alipeleka mbegu kwao miaka ya 1890. Iulizeni, inaota kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji, majani yana manyoya laini. Tulikuta yenye maua mawili tu lakini nilipiga picha mpaka simu ikaomba chaji. Bustani ya mimea ya mwaka 1902 nayo ipitieni, mikwinini iliyopandwa kwa ajili ya dawa ya malaria ipo, ila hapo bila muongozaji utaona miti tu.

Wenye watoto au wazee pitieni njia za chini Zigi kando ya mto, kilima cha Mbomole kina mpando wa kutoa jasho. Viatu viwe vya kushika, suruali ichomekwe kwenye soksi sababu siafu wa kule hawana salamu, na tochi iwe ya kichwani, ya simu inaisha chaji katikati ya msitu na mikono yote miwili unaihitaji ukiteleza.