Kulala Moshi na mama anayeumwa goti: uzoefu wangu

Mwezi wa saba nilimpeleka mama Moshi, kliniki ya mifupa ya hospitali ya KCMC. Tunatoka Korogwe. Mama ana miaka 71, na goti lake la kulia limemsumbua kiasi kwamba hata vidato vitatu vya barazani kwetu anavipanda kwa kushika bega la mtu. Barua ya rufaa tulikuwa nayo, nauli tulikuwa nayo, tarehe tulishapewa. Nilichokichukulia kirahisi ni mahali pa kulala. Nilijiambia Moshi gesti ziko kila kona, pa kulala hapakosekani. Usiku wa kwanza ulinifundisha kwa machozi, kwa hiyo naandika kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kwenda na mgonjwa au mzee.

Majina ya nyumba sitayataja. Wahudumu wanabadilika, wenye nyumba wanabadilika, lakini eneo linabaki palepale, na eneo ndilo nililoona lina uzito.

Lodge ya kwanza niliipata kwenye simu. Iko karibu kabisa na stendi kuu. Picha zilikuwa nzuri: shuka jeupe, neti imefungwa fundo juu ya kitanda, choo cha kukaa chenye vigae vya bluu. Chumba self, shilingi 30,000 kwa usiku. Nikapiga, kijana akaniambia, "Kipo dada, tuma elfu kumi ya kukishikia." Nikatuma. Sikumuuliza kiko ghorofa ya ngapi.

Tulipanda basi asubuhi. Mombo, Hedaru, Same, Mwanga, Himo, mama amekunja mguu muda wote kwa sababu nafasi ya kuunyoosha hakuna. Tunashuka Moshi saa tisa alasiri, goti limevimba kama chungwa. Kutoka stendi mpaka lodge ni mwendo wa dakika tano, sisi tulitumia robo saa. Kufika, chumba cha kwenye picha kina mtu. Kilichobaki kiko ghorofa ya tatu.

Ngazi zile bado naziona. Za saruji, vidato havilingani, kimoja kifupi kinachofuata kirefu, na bomba la kushikia liko upande mmoja tu, linacheza ukilitegemea. Mama alitanguliza mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia, akasimama. Tena kushoto, tena kulia, akasimama. Kiganja chake cha pili kilikuwa kinapapasa ukuta. Nilihesabu vidato 41. Tulipofika juu jasho lilikuwa limelowesha ushungi wake, na Moshi ya mwezi wa saba ni baridi.

Chumba chenyewe kilikuwa kisafi, siwezi kusema vingine. Kandambili zilikuwepo, taulo mbili, sabuni ndogo kwenye karatasi. Ila choo kilikuwa cha kuchuchumaa, na mlangoni pake kuna kizingiti kirefu cha kuzuia maji. Mama alikiangalia, kisha akaniangalia mimi. "Tutafanyaje, mwanangu?" Usiku ule tulitumia ndoo. Mwanamke aliyenilea, anayeoga mara mbili kwa siku na hapendi mtu amwone hata akijifuta uso, alinishika mabega usiku mara tatu ili aweze kujisaidia kwenye ndoo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela yoyote.

Kelele nazo zilikuwepo. Ng'ambo ya barabara kuna baa, muziki ulizimwa saa saba usiku. Saa kumi alfajiri mabasi yakaanza kuunguruma na wapiga debe wakaamka na mabasi yao. Asubuhi nikaomba nirudishiwe malipo ya usiku wa pili, nikaambiwa hela ikishaingia kwenye kitabu hairudi. Nikaiacha.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa ndani ya bajaji kwenda hospitali. KCMC iko juu, upande wa mlima, nje kidogo ya mji. Inahudumia kanda nzima ya kaskazini, kwa hiyo foleni ina watu wa kila namna: wa Babati, wa Rombo, wa Lushoto kama majirani zetu. Kwenye benchi tulikaa na mama mmoja wa Same aliyekuwa anakuja na mumewe kwa mwaka wa pili. Nikamsimulia usiku wetu. Akaniambia, "Mjini mnalalaje na goti hilo? Pandeni huku juu." Moshi ndivyo wanavyoelekezana, kupanda ni kuelekea mlimani, kushuka ni kuelekea mjini na reli. Yeye mwenyewe alikubali kukaa na mama wakati wanasubiri picha ya eksirei, nami nikachukua bajaji kuzunguka.

Niliona nyumba tatu kwa saa moja na nusu, na safari hii sikuangalia picha ya mtu.

Ya kwanza ilikuwa Longuo, jirani na hospitali. Bei ndogo, 20,000, na mhudumu mkarimu. Kwa mtu aliyelaza mgonjwa wodini na anapeleka uji asubuhi na mchana, pale pangefaa sana, maana unakwenda kwa miguu na hulipi nauli. Lakini njia ya kuingilia ni ya mawe na imeinama. Niliitembea mwenyewe nikiwa nimefumba macho kidogo, nikajaribu kuwa mama. Haikuwezekana.

Ya pili ilikuwa Soweto, upande wa magharibi. Nyumba mpya, inang'aa, maji ya moto yanatoka mara moja, televisheni kubwa ukutani. Vigae vya bafuni ndivyo vilivyonirudisha nyuma. Nilimwaga maji kidogo kwa kopo nikakanyaga na kandambili, mguu ukateleza kama umepakwa sabuni. Mzee akianguka pale unarudi hospitali kwa jambo jingine.

Ya tatu ni hosteli ya kanisa, Shanty Town. Jina hilo linawatisha wageni, wanadhani ni mtaa wa mabanda, kumbe ni upande wa viwanja vikubwa na nyumba za zamani, miti mirefu mpaka barabarani, kimya. Majengo ni ya chini, yamepangwa kuzunguka ua wa nyasi. Sakafu ni saruji ya rangi nyekundu iliyosuguliwa miaka na miaka, haitelezi hata ikilowa. Kutoka kwenye njia hadi mlangoni ni kidato kimoja. Nilihesabu hatua kutoka kitandani mpaka chooni: saba. Choo cha kukaa, na pembeni kuna bomba la chuma limechimbiwa ukutani. Nikalishika kwa mikono miwili nikalivuta kwa uzito wangu wote. Halikutikisika. Dada wa mapokezi alinitazama tu, hakuuliza kitu, kisha akasema, "Wagonjwa wengi wa KCMC wanafikia hapa, tunawajua." Hapo nikatoa hela.

Bei ni 45,000 pamoja na chai. Ni elfu kumi na tano zaidi ya kule stendi, na kwa siku tano zilizobaki ni hela inayoonekana. Nilipiga hesabu hivi: kutoka Shanty Town hadi KCMC bajaji ilitutoza 3,000, wakati kutoka stendi tulitozwa 5,000, na chai ya watu wawili mjini isingepungua 6,000. Kwa kwenda na kurudi, tofauti inakuwa karibu 5,000 kwa siku. Kwa hiyo nilinunua usingizi wa mama na heshima yake kwa shilingi 5,000. Ningeweza kupanda haisi za KCMC kwa nauli ndogo zaidi, zipo tele kutoka mjini, lakini kumpandisha mama kwenye haisi ya asubuhi imejaa ni kumtesa.

Kitabu cha wageni kilikuwa kama vya kwingine, jina, kazi, kabila, unakotoka, unakokwenda. Mama akaulizia kwa sauti ndogo kama anaweza kuswali pale. Sisi ni Waislamu, na ukutani kulikuwa na msalaba. Baba mmoja mtu mzima anayetunza bustani alisikia, akaja, "Shikamoo mama," akamwelekeza kwa mkono: kibla huku, mlimani. Ni kweli, Moshi ukielekea Kibo umeelekea karibu kabisa na kaskazini, na Makka iko huko. Akamletea kiti cha mgongo ulionyooka, kwa sababu mama siku hizi anaswali amekaa. Kiti hicho kilibaki chumbani kwetu mpaka tunaondoka.

Chai yao niisifu kwa haki. Mkate na mayai vipo, lakini asubuhi ya pili mpishi alituletea mtori, ndizi zimepondwa laini na nyama, moto, wenye pilipili manga kidogo. Mama alikuwa amepoteza hamu ya kula kwa sababu ya dawa za maumivu. Alimaliza bakuli akaomba tena. Kuanzia siku hiyo alikuwa anauulizia kabla hajaamka vizuri.

Kasoro zipo na nitazisema. Duka la karibu liko mbali kwa mtu wa miguu, kwa hiyo vocha, maji na dawa za ziada zinunue mjini kabla hujapanda. Chakula cha jioni lazima uagize kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo unalala na biskuti. Geti linafungwa saa nne usiku na barabara ni giza. Jumatano umeme ulikatika, hita ikawa haina kazi. Mpishi alituletea ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni bila kuombwa, lakini wakiwa na wageni wengi sidhani kama kila chumba kingepata. Na baridi: kwa watu wa Korogwe kama sisi blanketi moja halikutosha. Uliza la pili mchana, usisubiri usiku.

Nisiwaonee watu wa mjini pia. Siku nyingine nikienda peke yangu, nina basi la alfajiri la kuwahi, nitalala karibu na stendi bila kusita. Soko, benki, maduka ya dawa na vyakula vya kila aina viko hapohapo, na barabara za katikati ya mji zinafagiliwa vizuri kuliko miji mingi niliyopita. Mwenye ndege KIA naye ana hesabu yake, maana uwanja uko katikati ya Moshi na Arusha, na ndege ya alfajiri inataka gari uliloliagiza tangu jana yake popote utakapolala.

Tahadhari moja ya majira. Mwezi wa kumi na mbili, kuanzia katikati, Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na vyumba vinapungua huku bei zikipanda. Vivyo hivyo wakati wa mbio za Kilimanjaro Marathon, mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Kama daktari anakupa nafasi ya kuchagua tarehe, ziruke siku hizo.

Sasa nikipiga simu nauliza mambo ambayo zamani ningeona haya kuyauliza. Chumba kiko chini au juu? Choo ni cha kukaa? Kuna kizingiti? Pembeni ya choo kuna kitu cha kushika? Nikija kuona kwanza na kisinipendeze, naweza kuondoka bila kulipa? Mhudumu anayejibu moja baada ya jingine kwa utulivu, nampa uzito. Anayesema "dada wewe njoo tu, kila kitu kipo", namshukuru na kukata simu. Na advansi situmi tena mpaka nitumiwe picha ya chumba chenyewe, siku hiyohiyo, mlango wake ukionekana namba.

Kama una ndugu au rafiki Moshi, mtume akakione. Usimwambie "niangalizie pazuri", kwa sababu pazuri pa kijana wa miaka 25 ni kingine kabisa. Mwambie ahesabu vidato.

Mama alichomwa sindano gotini, akapewa mazoezi ya kufanya kila asubuhi na tarehe ya kurudi mwezi wa kumi. Mazoezi yale alikuwa anayafanya uani, amekaa kwenye kile kiti alicholetewa, ananyoosha mguu na kuhesabu mpaka kumi kwa sauti, na yule baba wa bustani anahesabu naye akiwa anafagia majani. Wiki iliyopita nimempigia dada wa mapokezi. Kabla sijamaliza kujitambulisha akaniuliza, "Mama wa mtori hajambo?" Ametuwekea chumba kilekile, namba nne, na kiti.